Sanaa za ibada za dini tofauti kwenye ukumbi mmoja Arusha: mnazielezaje kwa wageni?

Mwongozaji_Sakina

Habari zenu wakuu.

Hapa Arusha kuna onyesho dogo linaandaliwa, miezi mitatu kuanzia Aprili. Ukumbi ni mmoja na vitu ni sita tu: ikoni (picha takatifu) ya Kiethiopia ya ubao yenye milango miwili, msalaba wa maandamano wa Kiethiopia, msahafu ulioandikwa kwa mkono kutoka pwani, Nataraja (mungu Shiva akicheza) wa bronzi, kichwa cha Buddha (nakala ya plasta) na lipiko (barakoa ya ngoma za jando) la Kimakonde. Karibu vyote vimeazimwa kwa watu binafsi na jumuiya za dini.

Wageni ni makundi matatu yasiyofanana hata kidogo: wanafunzi wa sekondari, watalii waliotoka porini wenye saa moja kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, na waumini wenyewe.

Naomba msaada kwa mnaoijua kazi hii:

1. Mwongozaji aanzie wapi? Alama, historia, au imani?
2. Lebo ziandikweje, na kwa urefu gani?
3. Vipangwe kwa dini, au kwa namna nyingine?
4. Mwanafunzi akiuliza "kwani hawa wanaabudu hiki kitu?" anajibiwaje?

---

FundiLebo_Njiro

Mkuu, kabla ya alama anza na kazi. Kila kitu ulichotaja kilikuwa na shughuli yake: kilibebwa, kilibusiwa, kilisomwa, kilivishwa, kilifichwa. Kikishaingia kwenye sanduku la kioo shughuli yote imekwisha, mgeni anabaki na umbo. Mwongozaji akifungua na "kidole hiki maana yake hivi", wageni wanatoka na msururu wa alama vichwani na bado hawajui kitu kilikuwa cha nini.

Kwa kila kitu tafuta majibu haya kabla hujaandika hata mstari mmoja: kilikaa wapi na kwa urefu gani, nani aliruhusiwa kukigusa, kilionekana kila siku au siku maalumu, kilivaa nini ambacho sasa hakipo, na kimechakaa wapi.

Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo rahisi kuliko yote kuonyesha kwa kidole. Chukua huo msalaba wa maandamano. Tazama chini, pembeni ya shina: kuna vitanzi viwili, kimoja kila upande. Wengi hudhani ni urembo. Ni vya kupitishia kitambaa. Msalaba hupandishwa juu ya mti mrefu, kitambaa kinaning'inia na kupepea wakati wa maandamano. Ukiulaza chali mezani umeonyesha kipande cha chuma. Usimamishe kwenye mti wa mita 1.8 hivi, pitisha pamba nyepesi iliyofuliwa bila kukaza, na nusu ya maelezo yako hayahitajiki tena.

Lebo: maneno 60 hadi 80, si zaidi. Herufi zisipungue pointi 24, nyeusi juu ya rangi hafifu isiyong'aa. Katikati ya picha ya ukutani iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Lebo ikae kati ya 90 na 110 ili mwanafunzi wa kidato cha kwanza na mtu wa kiti cha magurudumu wote wasome. Kiswahili juu, Kiingereza chini.

Kwa ikoni ningeandika hivi:

*IKONI YENYE MILANGO MIWILI. Ethiopia. Mbao, jasi, rangi.*
*Katikati ni Maria na Mtoto Yesu. Pembeni ni malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli, panga mkononi. Kanisani, picha kama hii hufunikwa kwa pazia na kufunuliwa wakati wa ibada. Waumini huinama mbele yake na kuibusu: tazama rangi ilivyofifia chini ya ubao wa kati. Nani hapa amechorwa na macho mawili, na nani ana jicho moja?*

Vitenzi viko wakati uliopo kwa makusudi. Waumini wenyewe watasimama mbele ya lebo hiyo. "Walikuwa wakiamini" waachie mafarao. Na hilo swali la mwisho linamrudisha mgeni kwenye kitu, maana mtu akishasoma lebo huwa anaondoka. (Sehemu ya kufifia ihakikishe kwenye ikoni yako kwanza, usinakili tu.)

Kuhusu mpangilio, mimi ningepanga kwa kazi: vinavyobebwa pamoja (msalaba, Nataraja, lipiko), kinachosomwa peke yake, vinavyotazamwa na kukutazama pamoja. Kosa la kuepuka kabisa ni ule mstari wa "zamani hadi sasa" unaoanza na kinyago na kuishia na Ukristo. Hata usipoandika neno lolote, mgeni atausoma kama ngazi.

---

Lango_la_Rau

Nyongeza ya ikoni, kwa sababu jibu la macho mawili lazima mwongozaji awe nalo. Katika michoro ya Kiethiopia mtu mwema huchorwa uso mzima au robo tatu, macho yote mawili yanaonekana. Mwovu huchorwa kwa upande, jicho moja: shetani, askari wanaomtesa Kristo. Wanafunzi wakishaipata kanuni hiyo wanaweza kuisoma picha nzima wenyewe, hata kama hawajui hadithi. Usiwaambie mapema. Waache waitafute dakika mbili.

Mikono ya Maria nayo haina bahati nasibu. Ukikuta imepishana mbele, vidole viwili vimenyooka na kitambaa kidogo mkononi, hiyo inafuata picha maarufu ya Roma iliyo katika kanisa la Santa Maria Maggiore, iliyofika Ethiopia kwa nakala wakati Wajesuiti (wamisionari wa Kikatoliki) walipokuwa huko, karne ya 16 na 17. Wachoraji wa Ethiopia waliichukua wakaifanya yao. Lakini ibada ya picha za Maria ilishapewa nguvu kabla ya hapo, na mfalme Zara Yaqob aliyetawala 1434 hadi 1468. Kwa hiyo mwongozaji asiseme Wazungu ndio waliowaletea Waethiopia ikoni.

Ubao wenyewe aghalabu ni wanza, yaani mringaringa huu huu wa migombani Uchagani na Meru. Ukimwambia mwanafunzi wa Kibosho kwamba ikoni imechongwa kwenye mringaringa, anasogea kuangalia. Juu ya ubao kuna tabaka jembamba la jasi na gundi ya wanyama, kisha rangi za unga. Tabaka hilo ndilo ugonjwa wake: ubao ukinyonya unyevu unatanuka, jasi haitanuki, rangi inainuka kama magamba. Kabla ya kuipokea, iangalie kwa tochi ukimulika kutoka pembeni kabisa. Magamba yanatoa vivuli. Ukiviona, ikoni ilazwe, isitundikwe, na isifutwe vumbi hata kwa brashi.

Milango isifunguliwe na kufungwa mbele ya kila kundi. Bawaba ni za kamba au waya, zinakatika.

Na kitu kimoja cha kujifunza kutoka kwa Ethiopia: vingine havionyeshwi kabisa. British Museum wana tabot 11, mabamba matakatifu ya madhabahuni, mengi yakiwa yametokana na uporaji wa jeshi la Uingereza huko Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868. Hawajawahi kuziweka kwenye maonyesho, na wanaoruhusiwa kuziona ni makasisi wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia peke yao. Moja iliyokutwa katika kanisa la Edinburgh ilirudishwa Ethiopia mwaka 2002. Mwenye mali akikuletea kitu cha aina hiyo akasema "weka tu", usiweke.

---

Abu_Kaloleni

Assalaam alaykum. Nizungumzie msahafu, kwa sababu kwenye maonyesho ya mchanganyiko ndio unaokosewa zaidi kuwekwa.

Kwanza urefu. Msahafu usiwe chini ya kitu kingine chochote cha onyesho. Maana yake ni kwamba kama sanduku la Nataraja lina sakafu ya sentimita 100, msahafu uwe 110 au zaidi, na pasiwe na rafu yenye kitu juu yake. Ukuta wa kibla ndio mzuri ukiwezekana. Kwa Arusha kibla ni kaskazini, ukielekea kidogo sana mashariki. Usikadirie kwa macho, tumia dira.

Pili, anayeugusa. Mpe kazi hiyo Mwislamu mwenye udhu, umemaliza mjadala. Kitaalamu nako karatasi ya zamani inashikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukauka. Glavu za pamba zinapoteza hisia ya vidole na kuchana kingo.

Tatu, ufunguo. Msahafu wa zamani usifunguliwe nyuzi 180 ukalala bapa, mgongo unavunjika. Nyuzi 90 hadi 120 zinatosha, na kila upande uwe na mto wa kuuegemeza. Marufaa (kiegemeo cha kuwekea msahafu) ya mbao inapendeza kwa macho, ila kwa kitabu kilicholegea mgongo iwekwe pembeni kama maonyesho na kitabu kikae kwenye mito. Ukurasa ule ule usikae wazi zaidi ya miezi mitatu. Mwanga 50 lux (kipimo cha ukali wa mwanga), basi. Jua la dirishani hata dakika chache kwa siku linazidi hapo mara nyingi.

Sasa kuueleza. Mwongozaji asipite haraka eti "hapa hakuna picha". Kuna mengi ya kuona. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ya karne ya 18 na 19, inajulikana kwa nyekundu, nyeusi na njano. Mwonyeshe mgeni kichwa cha sura kilivyozungushiwa mchoro, alama za mwisho wa aya, na pambo la pembezoni linaloashiria mgawanyo wa juzuu. Hayo mapambo yanafanya kazi: yanamwongoza msomaji wa sauti asimame wapi na khitma (kuusoma msahafu wote) igawanywe vipi. Tazama pia pembe ya chini ya kila ukurasa. Kwenye msahafu uliosomwa kweli kweli, pembe hiyo imekuwa nyeusi kwa vidole vya vizazi.

Kama una nafasi ya bango la picha, weka picha ya maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya 500 Hijria, yaani 1107. Wanafunzi wengi wanadhani sanaa ya Kiislamu ni ya Uarabuni tu, na mfano uko hapa kwetu. Taa za misikiti za kioo za Misri ya Wamamluki za karne ya 14 nazo zinafaa kwa bango: nyingi zimeandikwa shingoni Aya ya Nuru (24:35), "Mwenyezi Mungu ni Nuru ya mbingu na ardhi", na taa ikiwashwa mwanga unaangaza kupitia maneno yenyewe.

Ombi: picha ndogo za Kiajemi au za Kituruki zinazomwonyesha Mtume, hata zile za uso uliofunikwa, zipo kwenye makumbusho makubwa na ni historia ya kweli. Kwenye ukumbi mmoja Arusha, wanafunzi wakiwa ndani, ziache. Hazina cha kuongeza kwenye msahafu wa pwani.

---

Kiboriloni_Juu

FundiLebo nakubaliana naye kwenye mengi, kwenye mpangilio hapana. Msalaba na lipiko sanduku moja kwa sababu "vyote vinabebwa"? Kichwani inaeleweka. Lakini kundi la Umoja wa Wanawake kutoka usharikani linaingia, na mchungaji yuko nyuma yao. Utatumia dakika zako zote kujitetea. Viweke kwa wazo hilo hilo la kazi, ila kila kitu na sanduku lake, angalau mita mbili kati ya kimoja na kingine, na maelezo ya "vinavyobebwa" yawe ukutani. Mgeni aunganishe mwenyewe.

Lipiko sasa. Kwanza hakikisha ni lipiko. Maduka ya Arusha yamejaa vinyago vya mpingo vinavyouzwa kwa jina hilo. Lipiko la kuchezewa huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mtu analivaa kichwani kama kofia ya chuma na kucheza nalo. Kitu cha mpingo cha kilo nne hakijawahi kuchezwa na mtu. Geuza uangalie ndani: kuwe na weusi wa jasho, ukingo uliolainika, na matundu madogo kuzunguka ukingo ya kushonea kitambaa. Ndani kukiwa kweupe na nje kunanukia kiwi ya viatu, lebo iseme wazi kuwa ni kazi ya soko. Nayo ina historia yake, ila si kitu cha jando.

Pili, usilitundike ukutani kama barakoa. Mapiko mengi huvaliwa yakiwa yameinamishwa nyuma, mchezaji akichungulia kupitia mdomoni. Ukilisimamisha wima, uso unatazama pasipo pake. Tengeneza kichwa cha sponji kilichofunikwa pamba, ukiinamishe, kisha tazama kutoka mita tatu mpaka uso ukutazame wewe. Chini yake ning'iniza kitambaa, kwa sababu mchezaji hufunikwa mwili mzima, ngozi isionekane. Bila nguo na ngoma ulicho nacho ni sehemu ndogo ya kitu.

Tatu, wanawake na watoto hawakutakiwa kujua nani yuko ndani. Hilo liandikwe, na kabla ya kuandika kaa na wazee wa Kimakonde waliopo mjini uwaulize nini kinasemeka. Kuna majina na nyimbo za jandoni ambazo hazihitaji kuwa kwenye lebo. Maneno "uchawi" na "mashetani" yasionekane popote.

Kama nafasi ipo, wasimulie wanafunzi habari hii: lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984 lilinunuliwa mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na likarudi Tanzania mwaka 2010. Inawafanya waulize swali la maana kuhusu kila kitu ukumbini: kimefikaje hapa?

Kwa shule za Moshi na vijiji vya mlimani, anza ziara na jani la isale. Liwe bichi, ndani ya chupa ya maji, kabla ya kitu chochote cha kale. Kila mtoto wa Kichagga anajua halichumwi ovyo: liko kaburini, liko mpakani, na mtu akikuletea limefungwa fundo akiomba msamaha, si rahisi kumkatalia. Halafu waulize: mtu wa Norway akiliona jani hili kwenye kioo bila maelezo, ataona nini? Baada ya hapo huna haja ya kuwafundisha nadharia yoyote.

---

Mama_Kijenge

Nataraja na Buddha sijaona aliyevigusa.

Nataraja asomwe kwa mikono, kwa mpangilio huu. Mkono wa kulia wa nyuma una ngoma ndogo: uumbaji, mapigo ya wakati. Wa kushoto wa nyuma una moto: uharibifu. Wa kulia wa mbele kiganja kiko wazi: usiogope. Wa kushoto wa mbele umepita mbele ya kifua unaelekeza chini kwenye mguu ulioinuliwa: huko ndiko kimbilio. Mguu wa kulia umemkanyaga kibwengo Apasmara, ambaye ni ujinga wa kusahau. Yote yamo ndani ya duara la miali. Mwambie mgeni aangalie na masikio: hereni ya kulia ni ya kiume, ya kushoto ya kike, hazifanani. Ni makosa ya kawaida kusema "kulia" ukimaanisha kulia kwa mtazamaji. Sema kulia *kwake*, na mwongozaji asimame ubavuni mwa Nataraja akitazama wageni ndipo anyooshe mkono wake mwenyewe.

Halafu rudi kwenye kazi kama alivyosema FundiLebo. Umbo hili lilifikia kilele chake kwa Watamil, kusini mwa India, enzi za Wachola, karne ya 10 hadi ya 12. Sanamu ya jiwe hukaa ndani hekaluni haitoki. Ya bronzi ndiyo hutembea. Angalia kitako: kuna matundu au pete za kupitishia miti ya kubebea. Siku ya maandamano huvishwa hariri na mashada hadi unaona uso tu. Kwa hiyo zile misuli nzuri tunazozisifia kwenye kioo, muumini hazioni siku hiyo. Uso ukiwa umelainika kuliko mgongo, ni miaka ya kuogeshwa kwa maziwa, samli na maji.

Tahadhari ya hapa kwetu: Wahindu wengi wa Arusha na Moshi wana asili ya Gujarat. Nataraja ni wa kusini. Usimwite mzee wa hekalu la mjini ukamtaka aeleze Nataraja kana kwamba yuko kwenye madhabahu yake; muulize kwanza. Na mwulize mwenye mali kama sanamu hii imewahi kuwekwa wakfu. Iliyowekwa wakfu haichukuliwi kama pambo: isiguswe kwa mkono wa kushoto, isiwekwe karibu na choo wala chini ya ngazi, na ngozi isitumike kwenye sanduku. Siku ya ufunguzi sambusa za nyama na vinywaji vikali viwe chumba kingine.

Buddha ni mfupi. Masikio marefu ni ya mwana wa mfalme aliyezivua hereni zake nzito. Nundu ya utosini ni hekima. Alama kati ya nyusi ni mojawapo ya alama 32 za mtu mkuu. Mwenye vito na taji kwa kawaida ni bodhisattva (aliye njiani kuwa Buddha), asichanganywe naye. Lakini jambo kubwa kwenye lebo ni kwamba Buddha hakuchongwa kuwa kichwa. Vichwa vingi vilivyoko duniani vilikatwa kwenye miili yake ili viuzwe, na nakala yako ya plasta inarithi mkato huo. Weka pembeni mchoro wa mwili mzima, mkono wa kulia ukigusa ardhi, mgeni aone kilichopotea. Kisiwe chini ya kiuno cha mtu, na pasiwe na pa kukalia mbele yake ambapo watu watamnyooshea nyayo.

Swali lako la nne: msitunge jibu moja la wote. Mkristo wa Orthodox atakwambia heshima inayotolewa kwa ikoni inamwendea anayewakilishwa, ndivyo ulivyoamua Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787. Mhindu anaweza kukwambia kwamba sanamu iliyowekwa wakfu ina uwepo wa Mungu kweli, na kuitazama ni kutazamana. Wabuddha wengi watasema wanamheshimu mwalimu. Mwislamu atasema haabudu karatasi. Ukiwapa wanafunzi jibu la "wote wanakumbuka tu", umewasemea Wahindu kitu ambacho wengi wao hawasemi. Chukua sentensi mbili kutoka kwa kila jumuiya, kwa maneno yao, zibandike kwenye kadi ya mwongozaji.

---

Mwongozaji_Sakina

Nashukuru sana wakuu, haya ni zaidi ya nilivyotarajia. Mpangilio tutafuata wa Kiboriloni, masanduku mbali mbali. Mawili yamebaki: Aprili ni masika, na tuna masanduku ya MDF (mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi) yanachongwa sasa hivi mtaa wa Unga Limited. Lipiko nalo linatoa unga mwembamba chini. Nifanyeje? Na muda wa kila kituo kwa kundi la watalii?

---

FundiLebo_Njiro

Unga ni wa bungua (mdudu anayekula mbao), na yuko hai kama unaongezeka. Lipiko lisiingie ukumbini. Lifunge kwenye nailoni nzito, kamua hewa, ziba kwa utepe wa gundi, liingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku 14. Ukilitoa *usifungue*, liache ndani ya nailoni saa 24 lipate joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu ya mti wenyewe. Lipiko lenye nta ya chale usoni au nywele lisiguswe likiwa limeganda, nta inavunjika. Ikoni usithubutu kuiweka friza, hata ukiona bungua, rangi itapasuka.

MDF na plywood mpya vinatoa hewa yenye asidi, na rangi ya mafuta pia. Paka kwa rangi ya maji na uache milango wazi wiki nne kabla ya kuweka kitu. Kama fundi anachelewa, heri meza iliyofunikwa kuliko sanduku linalonukia.

Unyevu: mbao na karatasi zinataka asilimia 45 hadi 55 isiyorukaruka. Bronzi inataka chini ya 40, kwa sababu kama ina chumvi ya kloridi ndani, unyevu ukipanda unaona vidonda vya unga wa kijani kibichi hafifu vinatokea kwa wiki chache. Ndiyo maana hata bila sababu za kidini Nataraja asingekaa sanduku moja na ikoni. Sanduku lake la sentimita 50 kwa 50 kwa 60 lina mita za ujazo 0.15, kwa kanuni ya kilo 20 za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) kwa mita ya ujazo, ni kilo 3, zifichwe chini ya sakafu yenye matundu. Nunua ile ya rangi ya chungwa, si ya bluu, ya bluu ina kobalti yenye sumu. Ikibadilika rangi, oveni nyuzi 110 hadi 120 saa tatu, inarudi kazini. Jeli kavu hiyo usiiweke kwa ikoni wala lipiko, vitakauka ghafla na kupasuka. Vipimo vya unyevu vya kidijitali vya bei ndogo vinatofautiana hata asilimia 5; viweke vyote pamoja siku moja, andika tofauti zao kabla ya kuvigawa. Feni na mashine za kukausha hewa usizitegemee, umeme ukikatika unyevu unaruka juu ndani ya saa chache.

Muda: kwa saa moja watalii wapewe vituo vinne, dakika kumi kila kimoja, zinazobaki ni za kutembea na maswali. Kundi lisizidi watu 12. Dakika ya kwanza kwenye kila kituo hakuna anayesema, hata mwongozaji. Waongozaji wa porini wanaiweza hiyo kuliko walimu, wamezoea kunyamaza mbele ya simba.

---

Abu_Kaloleni

Ongeza hili kwenye fomu ya kuazima: picha pande sita za kila kitu, mwenye mali na mpokeaji wote wakiwepo, kila mkwaruzo umezungushiwa kalamu kwenye picha iliyochapishwa na sahihi mbili chini. Halafu mistari minne ya kujazwa na mwenye mali kwa mkono wake: nani aguse, kielekee wapi, kisikae karibu na nini, na mtu akitaka kusali mbele yake aruhusiwe au la. Jibu likiwa ndiyo, acha mita moja na nusu mbele ya sanduku bila kamba. Ubani, mishumaa na vyakula visiingie hata kwa nia njema: moshi unanata kwenye rangi na sukari inaleta sisimizi. Maua mabichi yapokelewe mlangoni, yakae kwenye beseni nje, yaondolewe kabla ya kufunga ukumbi.